Mwindaji Aliyewindwa

Wazee wetu walisema, "Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu." Maana ya maneno haya twaijua sote: mtu auchomapo mkuki katika mwili wa mwingine huona ni jambo jepesi, bali siku ncha yake ikimgusa yeye mwenyewe ndipo ajuapo kwamba chuma ni chuma. Leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu habari ya picha ya sinema iliyotengenezwa Marekani mwaka 1932, ambayo yaweza kuitwa maelezo ya methali hiyo, ingawa walioitengeneza hawakuwa watu wa lugha yetu. Picha yenyewe ni fupi. Huonyeshwa kwa dakika 63 tu, hata mtu aweza kuitazama tangu mwanzo hata mwisho kabla maharagwe hayajaiva jikoni. Walakini imedumu miaka zaidi ya 90, na watu wangali wakiitazama na kuiiga. Yafaa tuulize kwa nini.

Kwanza tuliangalie jina lake. Kwa Kiingereza picha hii huitwa The Most Dangerous Game. Neno la mwisho katika jina hilo lina maana mbili. Maana ya kwanza ni mchezo, kama vile mpira au bao. Maana ya pili ni wanyama wa porini ambao watu huwawinda. Basi aliyelitunga jina hilo alifumba fumbo: twaweza kulifasiri "Mchezo wa Hatari Kupita Yote", na twaweza pia kulifasiri "Mawindo ya Hatari Kupita Yote", wala hatutakosa. Kiswahili chetu kimeyatenga mambo hayo mawili. Mchezo ni mchezo, na mawindo ni mawindo. Wengi katika mababu zetu walikwenda mwituni kutafuta kitoweo, au kuwafukuza ngiri walioharibu mihogo, wala hawakuaga nyumbani wakisema kwamba wanakwenda kucheza. Msomaji na alishike jambo hili, maana habari yote tutakayoieleza imejengwa juu yake: huwaje mtu akifanya kuua kuwa mchezo?

Picha ilitokana na hadithi fupi ya Richard Connell, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1893 katika mji wa Poughkeepsie, jimbo la New York. Hadithi yake ilichapishwa katika gazeti la Collier's tarehe 19 Januari 1924. Zamani zile matajiri wa Ulaya na Marekani walikuwa wameshikwa na shauku ya kusafiri nchi za mbali ili kuwinda wanyama wakubwa, na nchi zetu za Afrika Mashariki zilitajwa sana katika mazungumzo yao. Mwezi wa Aprili mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit. Wakapanda gari la moshi kwenda bara, na safari yao ikaendelea hata wakafika Khartoum mwaka 1910. Katika safari ile baba na mwana waliwaua kwa bunduki wanyama 512. Wengi wa wanyama hao walipelekwa katika makumbusho ya Smithsonian huko Washington kwa ajili ya elimu, wala hatusemi kwamba kazi ile haikuwa na faida. Lakini Roosevelt aliandika pia kitabu juu ya safari yake, na wasomaji wengi wa kwao wakamwona mwindaji wa Afrika kuwa mfano wa mwanamume hodari.

Shujaa wa hadithi ya Connell, jina lake Rainsford, ni mwindaji wa namna hiyo hiyo, naye ameandika kitabu juu ya uwindaji. Tena nchi ya Uganda imetajwa humo. Rainsford akiwa katika taabu anaukumbuka ujanja aliojifunza Uganda: anaupinda mti mchanga, anafunga kisu katika ncha yake, na kuutega njiani, hata adui akipita, mti unafyatuka na kisu kumchoma. Basi maarifa ya wawindaji wa Uganda yaliingia katika hadithi iliyosomwa New York, ingawa mwindaji mwenyewe wa Uganda hatajwi kwa jina.

Walioigeuza hadithi kuwa picha walikuwa watu wa kampuni ya RKO. Aliyesimamia kazi alikuwa Merian C. Cooper, na walioongoza upigaji wa picha walikuwa Ernest B. Schoedsack na Irving Pichel. Huyu Cooper hakuhitaji kufundishwa maana ya kuwindwa. Alikuwa rubani wa ndege za vita. Katika vita vya Poland na Urusi ya Wasovieti aliwapigania Wapolandi, na mwezi wa Julai mwaka 1920 ndege yake ikaangushwa. Akakaa kifungoni karibu miezi tisa, kisha akatoroka, akasafiri kwa kujificha hata akafika Latvia. Naye Leslie Banks, Mwingereza aliyeigiza nafasi ya adui, alikuwa amejeruhiwa usoni katika Vita Kuu ya kwanza, na upande mmoja wa uso wake ulikuwa umepooza. Watazamaji waonapo uso ule, upande mmoja una upole na upande wa pili unatisha, hawaoni rangi za kujipaka tu. Wanaona alama ya vita vya kweli.

Bali mwitu wa picha ile haukuwa wa kweli. Ulijengwa kwa mikono ya mafundi huko California, pamoja na kinamasi chake na magogo yake, na mwitu ule ule ukatumika tena katika picha nyingine mashuhuri, King Kong, iliyoonyeshwa mwaka 1933. Fay Wray, yule mwanamke wa picha yetu, ndiye pia achukuliwaye na sokwe mkubwa katika picha ile ya pili, ila huko amevaa nywele za bandia za rangi ya dhahabu. Muziki wa picha zote mbili ulitungwa na Max Steiner, mzaliwa wa Vienna. Wakati ule sauti katika sinema ilikuwa jambo la miaka michache tu, na watu wengi hawakuona haja ya kuweka muziki chini ya maneno. Steiner alifanya baragumu la wawindaji liwe sauti ya hofu yenyewe: mtazamaji alisikiapo hujua kwamba mbwa hawako mbali.

Sasa tusimulie mambo yaliyomo. Mwanzoni twauona mlango mkubwa, na juu yake chuma cha kubishia hodi. Chuma hicho kimefanywa kwa sura ya kiumbe nusu mtu na nusu mnyama, mshale umemchoma kifuani, naye amembeba mwanamke mikononi. Mkono wa mtu unakishika chuma na kubisha. Hayo ndiyo yote tuonyeshwayo kwanza, na kumbe fumbo lote limekwisha kutegwa hapo.

Kisha twaiona merikebu ya matajiri ikisafiri usiku baharini. Rainsford yumo pamoja na rafiki zake. Daktari mmoja miongoni mwao analisema jambo linalomsumbua: mnyama akiua kwa sababu ya njaa, watu humwita mkatili, na mtu akiua kwa kujifurahisha tu, hujiita mstaarabu. Anamwuliza Rainsford kama angependa kubadilishana nafasi na mnyama wake. Rainsford halijali swali. Kwake yeye walimwengu wamegawanyika mafungu mawili, wawindao na wawindwao, naye kwa bahati njema yumo katika fungu la kwanza, wala hakuna jambo litakalomtoa humo. Maneno hayajapoa kinywani, merikebu yapanda mwamba. Taa za kuwaongoza mabaharia zilikuwa zimehamishwa mahali pake na mkono wa mtu. Merikebu yazama, papa wanawala wale waliosalia majini, na Rainsford peke yake anaogelea mpaka kisiwani.

Kisiwani anaona ngome ya mawe, na mlango ule tuliokwisha kuuona. Anabisha hodi. Anapokelewa na Count Zaroff, bwana wa ukoo mkubwa wa Urusi aliyeikimbia nchi yake baada ya mapinduzi ya mwaka 1917. Zaroff anampa nguo kavu, anampa kinywaji, anampigia kinanda. Wamo pia wageni wengine wawili waliookoka katika merikebu nyingine, msichana aitwaye Eve na kaka yake Martin. Zaroff anafurahi mno kumwona Rainsford, maana vitabu vyake amevisoma vyote. Anamwita kama ndugu. Anamweleza kwamba yeye naye amewinda tangu utoto, katika nchi zote, wanyama wa kila namna, hata ikawa uwindaji hauna ladha tena. Ndipo alipogundua mawindo mapya.

Msomaji amekwisha kufahamu mawindo hayo ni nini. Lakini Rainsford hafahamu upesi, na hapa ndipo penye ufundi wa picha hii. Usiku Martin anatoweka. Rainsford na Eve wanaingia kwa siri katika chumba ambacho Zaroff hutunza kumbukumbu za uwindaji wake. Katika nyumba za wawindaji wengine vichwa vya nyati na vya simba hutundikwa ukutani. Humo mna vichwa vya watu.

Zaroff haoni haya. Anamwalika Rainsford wawinde pamoja, kama ndugu wawili wa kazi moja. Rainsford anakataa kwa ghadhabu. Basi, asemavyo Zaroff, asiyetaka kuwa mwindaji atakuwa mawindo. Anapewa kisu, anapewa nafasi ya kutangulia, na akiwa hai mpaka macheo atapewa uhuru wake. Eve anakwenda pamoja naye. Wanatega mtego wa gogo, na Zaroff anautambua. Wanafunika rima kwa matawi na majani, na Zaroff analiona. Kwanza anawafuata kwa upinde na mshale, kisha kwa bunduki, na mwisho anawafungulia mbwa. Saa hiyo Rainsford, akitweta katika kinamasi, anasema kwamba sasa ameelewa jinsi walivyojisikia wanyama wale aliowabana.

Kwa maoni yetu hilo ndilo neno kuu la picha nzima. Mambo yafuatayo baadaye hatutayasimulia kirefu: jinsi Rainsford aangukavyo baharini katika maporomoko, akidhaniwa amekufa, jinsi arudivyo ngomeni, jinsi Zaroff akirivyo kwamba ameshindwa, na huku mkono wake unaitafuta bastola, na jinsi aangukavyo mwishoni kutoka dirishani, kati ya mbwa wake mwenyewe wenye njaa. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Lakini kifo cha mwovu si jambo geni katika sinema. Jambo geni ni lile neno la kinamasini, kwa maana linamjibu daktari aliyekwisha kufa maji. Swali liliulizwa mezani kwa mchezo, na jibu likatolewa matopeni kwa machozi.

Katika Kiswahili neno "mgeni" lina maana mbili, kama vile lile neno la Kiingereza tulilolieleza. Mgeni ni mtu tusiyemjua, na mgeni ni mtu tuliyemkaribisha. Wazee wetu hawakuona haja ya kuwa na maneno mawili, kwa sababu kwao yule asiyejulikana, mara abishapo hodi, huwa ni wa kukaribishwa. Katika picha hii desturi hiyo imepinduliwa. Zaroff huzihamisha taa ili wageni wamjie, huwalisha ili wapate nguvu za kukimbia, na huwapa adabu zote za mwenyeji mwema ili mchezo uwe mzuri. Ndiyo maana hofu ya picha hii ni kubwa kuliko ya picha nyingi zenye damu nyingi. Mtu aweza kuwa na kinanda, vitabu, na maneno ya upole, na bado akawa amewatia wageni wake katika hesabu ya nyama.

Tena yatupasa kukumbuka picha ilionyeshwa mwaka gani. Mwaka 1932 Marekani ilikuwa katika dhiki kubwa ya uchumi. Karibu robo ya wafanya kazi walikuwa hawana kazi, na watu wengi walitangatanga katika njia za reli wakitafuta riziki. Mwaka huo huo ilitoka picha nyingine iitwayo I Am a Fugitive from a Chain Gang, juu ya mfungwa mtoro afukuzwaye na mbwa, nayo ilitokana na maisha ya mtu wa kweli. Kabla ya hapo, siku za utumwa, mbwa wa namna hiyo walifunzwa kuwafuata watumwa waliotoroka katika mashamba ya kusini. Basi watazamaji wa mwaka 1932 waliposikia mbwa wakibweka katika ukungu, hawakusikia ngano ya kisiwa cha mbali tu. Walisikia sauti iliyokuwa imo katika nchi yao wenyewe.

Walakini ni tabia ya wanadamu kuupeleka uovu kwa mgeni. Katika picha ile ya kwanza mwovu alikuwa Mrusi, kwa sababu wakati ule Wamarekani wengi waliwafikiri Warusi waliofukuzwa kwao kuwa watu wa ajabu. Mwaka 1945 kampuni ile ile ya RKO iliitengeneza tena hadithi hii, ikiongozwa na Robert Wise, kwa jina A Game of Death. Vita na Ujerumani vilikuwa vimekwisha mwaka ule, na mwovu naye akawa Mjerumani. Mwaka 1956 ikatoka picha Run for the Sun, na humo waovu ni watu wa Hitler waliojificha katika mwitu wa Mexico. Kila kizazi kilimvika Zaroff nguo za adui kiliyemwogopa. Lakini mwaka 1993 ikatoka picha Hard Target, na humo wawindao ni matajiri katika mji wa New Orleans, na wawindwao ni maskini wasio na makao, waliokuwa zamani askari wa Marekani. Miaka zaidi ya 60 ilipita kabla mwindaji hajatolewa kisiwani na kurudishwa mjini.

Kama twataka kuona jinsi jambo hili lilivyo zito, na tumwangalie mwigizaji mmoja ambaye watazamaji wengi hawakumtambua. Mtumishi wa Zaroff, Mkozaki mkubwa mwenye ndevu aitwaye Ivan, aliigizwa na Noble Johnson. Johnson alikuwa Mmarekani mweusi, aliyezaliwa mwaka 1881 katika jimbo la Missouri. Mwaka 1916 yeye na ndugu yake George walianzisha Lincoln Motion Picture Company, mojawapo ya kampuni za kwanza za sinema za Wamarekani weusi. Mwaka mmoja kabla yake, 1915, ilikuwa imetoka picha The Birth of a Nation, iliyowaonyesha watu weusi kuwa kama wanyama wakali na kuwasifu wale waliowafukuza na kuwaua. Picha ya kwanza ya akina Johnson ilimwonyesha kijana mweusi aliyesoma, mhandisi, atafutaye maendeleo yake kwa juhudi. Kwa maneno machache, walitaka mtu mweusi aonekane kuwa ni mtu.

Kampuni ile haikudumu. Johnson alijitoa mwaka 1918, na yenyewe ikafungwa miaka ya mwanzo ya 1920. Baada ya hapo Johnson aliendelea kuigiza katika picha za makampuni makubwa kwa miaka mingi. Alipewa kuwa mgeni wa kila namna: katika picha hii alikuwa Mkozaki, katika King Kong alikuwa mkuu wa kabila la kisiwa, na katika picha ya mwaka 1945 akapewa tena kazi ya mtumishi wa mwindaji. Mtu aliyeacha alama katika historia kwa kuwatetea watu wake wasifanywe wanyama alilipwa mshahara ili awe wa kutisha. Hatusemi neno hili ili tumlaumu yeye, maana kila mtu hula kwa jasho lake. Twalisema ili msomaji aone kwamba kile kinachochezwa ndani ya picha kilichezwa pia nje yake: wako waamuao nani ni mtu, na wako waamuliwao.

Wengine watasema, "Hii ni sinema tu, mambo ya kubuni." Twajibu kwamba yaliyobuniwa huweza kutoka katika kitambaa cheupe yakaingia njiani. Mwaka 1969, katika jimbo la California, mwuaji aliyejiita Zodiac alipeleka barua za mafumbo kwa magazeti. Fumbo moja lilifumbuliwa na mwalimu wa shule pamoja na mkewe. Ndani yake mwuaji alijisifu kwamba kumwua mtu kulimpendeza kuliko kuua wanyama wa mwituni, kwa kuwa mwanadamu ndiye mnyama wa hatari kuliko wote. Wengi waliona mara moja kwamba maneno hayo yafanana na ya Zaroff. Mwuaji huyo hakukamatwa.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya Marekani peke yake. Sisi wa Afrika Mashariki tumeona katika karne hii watu wenye ualbino wakiwindwa, hasa katika mikoa ya ziwa ya Tanzania. Twasema wakiwindwa, wala hatusemi kwa mfano. Walifuatwa usiku, wakakatwa viungo, vikauzwa kwa watu walioambiwa kwamba vitawaletea utajiri. Mwezi wa Januari mwaka 2015 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kazi ya waganga wapiga ramli kwa sababu ya uovu huo. Wauaji hao hawakuua kwa mchezo kama Zaroff. Waliua kwa tamaa ya fedha. Lakini mlango walioingilia ni ule ule. Kabla ya panga kulikuwa na neno. Katika mitaa na vijiji watu wale hawakuitwa kwa majina yao waliyopewa na wazazi. Waliitwa "dili", yaani bidhaa ya kuleta faida, na waliosikia wakacheka. Aliyecheka hakushika panga. Hata hivyo alimsaidia mwenye panga kuona kwamba mbele yake hapana mtu, pana mali.

Hapo ndipo twauona ubora wa picha ile fupi ya mwaka 1932 kuliko nyingi zilizoiiga. Haikutuonyesha mwovu tu na kutuachia tumzomee. Ilimweka mbele yetu mtu mwema, kijana hodari, mwenye adabu, na ikatuonyesha kwamba mawazo yake ya mezani yalikuwa ni yale yale ya Zaroff, ila hayakuwa yamefika mwisho wa njia. Zaroff alitoka katika neno lile lile la wawindao na wawindwao, akaongeza hatua moja. Rainsford alipoalikwa kuipiga hatua hiyo alikataa, na kwa hiyo twampenda. Lakini kukataa kwake peke yake hakukumfundisha. Kilichomfundisha ni matope ya kinamasi.

Wasomaji wetu wengi hawana bunduki wala kisiwa. Hata hivyo kila mmoja ana ulimi, nao ndio unaozihamisha taa kwanza. Tumwitapo jirani mbwa au nyani, au tulitajapo kabila fulani kama kundi la wadudu, au tumtajapo maskini kama takataka, tumekwisha kumpeleka katika fungu la wawindwao, hata kama hatujainua mkono. Watoto wetu wanasikia. Watakua wakijua ni nani wa kukaribishwa abishapo hodi, na ni nani wa kufunguliwa mbwa. Kwa hiyo mwenye hekima na aliulize swali la yule daktari mapema, akiwa bado ameketi mezani kwa amani: kama ningekuwa mimi ndiye yeye, je, mchezo huu ningeuita mchezo? Akishindwa kulijibu, na auweke mkuki chini.